Aliacha sigara miaka sita iliyopita, saratani imetoka wapi?

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mkulima wa tumbaku huku Urambo, mkoani Tabora. Baba mkubwa alivuta sigara tangu ujana wake, akaacha miaka sita iliyopita. Mwaka huu ameanza kukohoa damu, na baada ya kuchukuliwa kipande kidogo cha nyama ya pafu kwa ajili ya kupimwa tumeambiwa ana saratani ya mapafu. Ugonjwa huu ulikuwa wapi muda wote huo? Je, unarithiwa? Nauliza kwa sababu na mimi navuta. Na sisi tunaokesha kwenye mabani, yaani majengo ya kukaushia tumbaku kwa moto wa kuni, tuko salama?

Jibu: Marahaba, na pole sana kwa kuuguliwa na baba mkubwa. Nitakaa zaidi kwenye swali lako la kwanza, kwa kuwa ukilielewa hilo, mengine yatajieleza. Saratani haiingii mwilini kutoka nje. Huzalishwa na seli zetu wenyewe, kwa makosa yanayojilimbikiza mwaka hadi mwaka, na siku mgonjwa anapokohoa damu huwa iko mbali mno na siku makosa hayo yalipoanza.

Ndani ya seli kuna DNA, ambayo ndiyo yenye maagizo ya lini seli igawanyike, lini itulie na lini ife. Moshi wa sigara una kemikali nyingi zinazoiharibu, mojawapo ikiwa benzopireni. Mwili hujaribu kuibadilisha kemikali hii ili iyeyuke na kutolewa nje, na ni katika kubadilishwa huko ndipo inapopata umbo kali linalonata kwenye DNA. Seli ina vimeng'enya vya kurekebisha uharibifu huo, na mara nyingi hufaulu. Lakini seli ikigawanyika kabla ya marekebisho kukamilika, kosa hunakiliwa na kubaki humo daima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba mtu anayevuta pakiti moja kwa siku huongeza makosa yapatayo 150 katika kila seli ya mapafu kwa kila mwaka anaovuta.

Mengi ya makosa hayo hayana madhara. Hatari huja yanapoangukia jeni (vipande vya DNA vyenye maagizo) chache zenye kazi nyeti: zile zinazochochea ukuaji, kama KRAS, na zile za ulinzi, kama TP53, ambayo protini yake huizuia seli iliyoharibika isigawanyike au huiamuru ife. Kosa moja halitoshi. Mwaka 1954 watafiti wawili wa Uingereza, Armitage na Doll, walichunguza jinsi vifo vya saratani vinavyoongezeka kadiri umri unavyosogea, wakahitimisha kwamba huenda zinahitajika hatua sita au saba mfululizo. Ndiyo maana ugonjwa huu huwapata zaidi watu wa makamo na wazee, na ndiyo maana wavutaji wawili wa rika moja wanaweza kupata matokeo tofauti: kosa gani limeangukia jeni ipi ni suala la bahati pia, ingawa kila sigara huongeza uwezekano wa bahati kuwa mbaya.

Katikati ya hatua hizo seli hushindana. Ni kama gugu shambani: lile linalonusurika kwenye palizi ndilo linalodondosha mbegu, na msimu unaofuata shamba hujaa uzao wake. Seli iliyopata kosa linaloiwezesha kugawanyika haraka, au kukwepa kinga ya mwili, huwazidi jirani zake, na kosa linalofuata huwakuta wazao wake wakiwa wengi.

Sisi wa maabara huyaona mabadiliko haya kwa hadubini. Njia ya hewa yenye afya imetandazwa seli ndefu zilizopangana vizuri, zenye vinyweleo vinavyosukuma makohozi juu. Kwa mvutaji wa muda mrefu, sehemu nyingine za tando hiyo huwa zimeshika seli bapa zisizo na vinyweleo, na hadi hapo bado si saratani. Baadaye viini vya seli huwa vikubwa na vyeusi zaidi, na mpangilio huvurugika. Tunachotafuta kwa makini ni utando mwembamba ulio chini ya seli hizo. Ukiwa mzima, seli mbaya bado zimezuiliwa. Zikishautoboa, zinaweza kuifikia mishipa ya damu na ya limfu, na kupitia humo kwenda kwenye ini, mifupa au ubongo.

Sasa hesabu muda. Seli moja inahitaji kujigawa maradufu mara 30 hivi kufikia seli bilioni moja, yaani uvimbe wa takriban sentimita moja, na katika saratani nyingi za mapafu kila maradufu huchukua wiki nyingi au miezi kadhaa. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba baba mkubwa alipozima sigara yake ya mwisho, seli hizo zilikuwa zimeshaanza safari. Kuacha hakukumletea ugonjwa, kama nisikiavyo baadhi ya watu wakisema vijijini.

Kuhusu kurithi: makosa yaliyotokea kwenye mapafu yake hayapiti kwa watoto. Zipo familia chache zinazorithi jeni yenye kasoro tangu kuzaliwa, lakini kinachokuweka hatarini wewe ni sigara yako mwenyewe. Nakusihi uache. Hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu hupungua kwa karibu nusu miaka kumi baada ya kuacha, na utafiti mwingine wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuta kwenye mapafu ya walioacha seli nyingi zisizo na makosa ya tumbaku, zikichukua nafasi ya zilizoharibika.

Kuhusu mabani, kugusa majani mabichi yenye umande huingiza nikotini kupitia ngozi na kuleta kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika. Hiyo ni sumu ya nikotini, si saratani, nanyi vaeni glavu na mikono mirefu. Moshi wa kuni ni jambo jingine, kwa sababu una kemikali za jamii ileile ya benzopireni. Anayechochea moto asilale karibu na tanuri, na bomba zilizotoboka zizibwe kabla ya msimu. Ugoro nao si salama: husababisha saratani ya kinywa na ya umio.

Na yeyote kwenu atakayekohoa zaidi ya wiki mbili aende kituo cha afya apimwe kifua kikuu kwanza. Ikiwa makohozi hayaonyeshi vimelea, au amemaliza dawa bila nafuu, aombe rufaa ya Hospitali ya Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tabora, kwa picha ya kifua na uchunguzi zaidi, na aeleze wazi ni miaka mingapi amevuta.