MUULIZE FUNDI: Kitulo kwa baiskeli, maua au njia kavu?

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Nyanda za Juu Kusini na karibu zote zinaulizia kitu kimoja, kupanda hifadhi ya Kitulo na baiskeli, kwa hiyo leo tunajibu hizo tu, nyie wa Dar mnaoulizia baiskeli za umeme vumilieni kidogo.

*Shikamoo fundi. Tuko wanne hapa Uyole, tunataka mwezi wa pili twende Kitulo na baiskeli tukaone maua. Watatu wana baiskeli za gia za mtumba, mimi nina Phoenix. Tumepanga kupandia Chimala kwa ile barabara ya Hamsini na Saba afu tushukie hukohuko. Inawezekana au tunajidanganya? – Msomaji, Uyole*

Marahaba. Inawezekana, ila mpango wenu nautengua nusu.

Mwezi hamjakosea. Kitulo inachanua kuanzia Disemba mpaka Aprili, na hii ni hifadhi iliyotangazwa 2005 kwa ajili ya mimea yake, ya kwanza ya aina hiyo Afrika ya tropiki, ina aina kama 350 za mimea na okidi peke yake aina 45, ndo maana wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Tatizo ni kwamba maua na mvua vinakuja pamoja. Udongo wa kule ni wa volkano, ukilowa unanata, unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, mwisho wa siku nyie ndo mnaibeba baiskeli. Septemba mpaka Novemba kuna jua na njia inapitika vizuri, ila maua ndo hivyo tena, machache. Juni mpaka Agosti ni baridi na ukungu, huko msiniulize kabisa. Kwa hiyo mkishachagua maua mmechagua na matope, fungueni madigadi mziache nyumbani maana ndo zinazokamata tope, na upepo wa tairi punguzeni kidogo kuliko mnaotumia kwenye lami, tairi laini inashika njia, ngumu inateleza na inawapiga mikono siku nzima.

Sasa wewe wa Phoenix. Kupanda utasukuma, na wenye gia nao watasukuma sehemu kibao kwahiyo hapo hakuna wa kumcheka mwenzake. Ninachoogopa ni kushuka. Breki zile za fimbo zinabana raba kwenye rimu ya chuma, na rimu ya chuma ikilowa raba inateleza tu, unabana weee baiskeli inaenda. Hamsini na Saba imepewa jina kwa sababu ya kona zake, ni kali, zinajirudia, na malori ya viazi yanapita humo humo. Usishuke pale na Phoenix, iwe mvua iwe jua. Azima baiskeli nyingine au panda gari wakati wa kushuka.

Na kwanini mzunguke Chimala wakati mko Uyole? Shikeni barabara ya Tukuyu mpaka Isyonje, pandisheni baiskeli juu ya Coaster kama miguu mnaionea huruma, pale Isyonje mnakunja kushoto njia ya Kikondo inayoenda Makete, tayari mko juu milimani, mlima mkubwa gari limeshawamalizia. Hamsini na Saba iacheni kwa siku mtakayokuwa mmezoea, na siku hiyo wenye breki nzuri mshuke kwa kubana na kuachia, mbele na nyuma zote, msing'ang'anie breki moja muda wote maana rimu inachemka na tyubu inaweza kupasuka. Mkisikia harufu ya raba simameni.

Kingine, uwanda wa Kitulo uko kama mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, kila pumzi unayovuta ina oksijeni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na mtu aliyeko Dar. Nyie wa Mbeya mna unafuu kidogo. Ila siku ya kwanza msishindane. Na kabla ya yote wasilianeni na ofisi ya hifadhi muulize baiskeli zinaruhusiwa njia zipi na kama mnatakiwa kuongozana na askari, msije mkafika getini mkaanza kubembeleza.

*Kamwene kaka fundi. Kaka yangu anaishi Ujerumani, anasema kule siku hizi watu wanaendesha baiskeli za gravel kwenye hifadhi ya Lüneburg, nchi ya vichaka vifupi vya maua ya zambarau, na anataka kunitumia moja. Mimi ndoto yangu Kitulo. Inafaa au nimwambie anitumie MTB, ile baiskeli ya milimani? – Dada, Iringa*

Kamwene dada. Mwambie atume, zawadi haikataliwi, ila mwulize swali moja kwanza, gia ya mbele ina meno mangapi?

Hizi baiskeli za gravel kwa ambao hawajaziona, ni kama za mashindano, usukani wenye pembe za kujikunja chini, ila tairi ni nene, kuanzia milimita 38 hivi kwenda juu, na zina nafasi ya tope. Kwa barabara ya vumbi ya huku kwetu ni nyepesi na zinakimbia. Lakini huko Lüneburg kwa kaka yako ni tambarare ya mchanga, kilima kirefu kuliko vyote kinaitwa Wilseder Berg na kina mita 169 tu, maua yao yanatoka Agosti na Septemba kiangazi kwao, kondoo wanapita kula vichaka, raha mustarehe. Baiskeli iliyofungwa gia za huko ukija nayo Kitulo utalia. Kama mbele kuna meno 46 na nyuma gia kubwa kabisa ni 34, hapo magoti yako yatakuwa yanafanya kazi ya punda. Unataka gia kubwa ya nyuma iwe na meno mengi kuliko ndogo ya mbele, mfano 38 mbele na 42 nyuma, hapo unakaa kwenye siti unapanda taratibu huku unaongea. Akishindwa kuipata hiyo basi MTB ya mtumba yenye gia tatu mbele itakusaidia kuliko gravel mpya kabisa, najua haipendezi kwenye picha.

Mazoezi unayo hapo hapo, panda Ipogolo mpaka mjini asubuhi kabla magari hayajawa mengi. Kitonga usiende, ile sio sehemu ya mazoezi, malori hayana pa kukukwepa.

*Kitulo kuna simba? – Makambako*

Hakuna. Tembo pia hakuna. Kuna baridi.

*Fundi, mimi ni mkazi wa Makete. Watoto wetu wakiingiza ng'ombe hifadhini wanakamatwa, wakichimba viazi vya okidi wanakamatwa, halafu nyie mnahamasisha watu wa mjini waje na baiskeli wakanyage maua hayo hayo. Hiyo ni haki? – Mzee, Makete*

Shikamoo mzee wangu. Umeuliza swali ambalo wengine wote humu wamelikwepa.

Baiskeli ikibaki kwenye barabara ya magari haiongezi madhara ya maana, gari lilishapita pale. Ikitoka nje ya barabara mzee uko sahihi kabisa, na nitasema kwanini ili hawa vijana wa Uyole wasikie. Okidi za Kitulo zinaota ardhini, uhai wake uko kwenye kile kiazi chini, hicho hicho kinachochimbwa kupelekwa Zambia kupikiwa chikanda, chakula cha kule. Halafu tairi ikipita kwenye mteremko uliolowa inaacha mfereji mwembamba, mvua ikinyesha maji yanaufuata, msimu mwingine ni korongo. Na ndege pia, tandawala wa Denham anataga chini kwenye majani, mbayuwayu wa buluu anajenga ndani ya mashimo ardhini, na anazaliana msimu huu huu wa mvua ambao watu wanakuja kuangalia maua. Mtu anayekata njia yake mwenyewe katikati ya majani apate picha nzuri, mimi namhesabu sawa na mchimbaji, tena mchimbaji afadhali alikuwa anatafuta ada ya shule.

Kuhusu haki, sina jibu la kukuridhisha. Ninachoweza kuwaambia wanaopanda huko ni wasiende na kila kitu kutoka mjini kama vile Matamba, mji mdogo wa pale jirani na hifadhi, hakuna maduka. Laleni kule, kuleni viazi vya kule, mkihitaji mtu wa kuwaonyesha njia mlipeni kijana wa pale na mkubaliane bei mapema. Na ulanzi, kwakuwa msimu wake nao ni huo huo wa mvua, mnywe jioni mkishafika. Sio kabla ya kushuka.

*Nikiziba pancha huku Tukuyu wakati wa mvua kiraka kinabanduka, solusheni nabadilisha kila mara ila wapi. – Msomaji, Tukuyu*

Solusheni haina kosa, unaharakisha. Kwenye baridi na unyevu inachelewa kukauka, ukibandika kiraka ikiwa bado inang'aa hakishiki. Futa tyubu ikauke kabisa, isugue na msasa, paka nyembamba, subiri mpaka ukigusa pembeni kidole hakinati, hapo ndo ubandike na ukandamize kwa nguvu. Safarini beba tyubu nzima ya akiba, hiyo yenye tundu uje uizibe jioni ukiwa ndani.