Je, damu ya mwaka 1941 iko juu ya nyumba yetu?

SWALI: Bwana asifiwe, Pasta. Mimi ni mama wa Katuba, hapa Lubumbashi. Babu yangu alikuwa askari wa Force Publique, jeshi la wakoloni Wabelgiji, na nyumbani inajulikana kwamba alikuwa kati ya waliowafyatulia risasi wagomaji wa Union Minière, kampuni ya migodi, Desemba 1941. Mwanangu amemaliza chuo, kazi hapati. Nabii mmoja anasema damu ile inatudai, tutoe dola 300 na tuichome picha ya babu. Lakini redioni nasikia Wabelgiji wakisema wao hawakuwapo, hawana hatia. Kama wao hawana, mimi ninayo?

JIBU: Milele asifiwe, mama. Swali lako limeniudhi, si kwa ajili yako, ni kwa ajili ya huyo anayekudai pesa.

Hatia huna. Soma Ezekieli 18:20: mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Babu yako atajibu mwenyewe mbele za Mungu, ambaye anajua pia kwamba vijana wengi wa Force Publique waliandikishwa kwa nguvu, wakapelekwa mbali na kwao, wakapewa bunduki na amri.

Nabii atakufungulia Kutoka 20:5, Mungu anayepatiliza uovu wa baba hata kizazi cha nne. Mwombe amalizie mstari: "cha wanichukiao." Wewe unamchukia Mungu? Akibanwa hapo atakimbilia 2 Samweli 21, njaa ya miaka mitatu kwa sababu Sauli aliwaua Wagibeoni. Pagumu hapo, sikatai. Watu saba wa uzao wa Sauli walitolewa wakauawa. Lakini Sauli alikuwa mfalme, na alivunja kiapo ambacho Israeli walikula tangu siku za Yoshua, ndiyo maana njaa ilishika nchi nzima. Na Daudi aliwaendea Wagibeoni wenyewe kuwauliza awatendee nini. Jibu lao la kwanza: si jambo la fedha wala dhahabu. Sasa hizo dola 300 zinakwenda kwa mjukuu gani wa mfanyakazi wa Union Minière? Léonard Mpoyi alisema kwa niaba ya wagomaji, akauawa. Ukoo wake utaona hata franga moja? Huo ni wizi, na jina la Yesu limebandikwa juu yake.

Kuhusu Wabelgiji, aliyezaliwa Namur juzi hana hatia, kama wewe. Serikali yake ni jambo lingine. Ile iliyotutawala tangu 1908 hadi 1960 ndiyo hiyo hiyo ya leo. Haifi kama babu anavyokufa. Mfalme wao Philippe aliandika majuto yake juu ya ukoloni mwaka 2020, akayarudia Kinshasa Juni 2022, akafika hata hapa kwetu. Kuomba radhi hakuomba. Desemba ya mwaka huo tume ya bunge lao ikamaliza kazi bila kukubaliana juu ya jambo hilo, wengine wakihofia kwamba ukiomba radhi utadaiwa fidia. Wapo wachungaji wenzangu wanaosema yaliyopita si ndwele. Ni rahisi kusamehe kwa kinywa cha aliyepigwa.

Wewe, mama, unachobeba ni ukweli. Nehemia aliungama dhambi za nyumba ya baba yake, wala hakuogopa kuzitaja. Picha usichome. Waonyeshe watoto, waambie huyu ni babu yetu na alifanya hivi. Na kama jirani yako ni wa familia iliyofiwa siku ile, mazungumzo yakifika huko usijifanye hujui.

Mwanao hana laana, hana kazi. Wako wengi mjini humu wenye diploma wanaokaa nyumbani, na wajukuu wa wagomaji wamo. Laana gani hiyo inayowashika waliopiga na waliopigwa sawasawa? Jumapili aje na karatasi zake baada ya ibada. Shemasi wetu mmoja anajua kuandika barua za kazi. Siahidi zaidi ya hapo. Huyo nabii akirudi, mpe kiti na maji ya kunywa, pesa usimpe.