Ndege wa tope la Sabaki: anza na mwendo, rangi baadaye

Ukisimama kwenye ukingo wa Mto Sabaki karibu na unapoingia baharini, kaskazini kidogo ya mji wa Malindi, msimu wa kaskazi, utakuta tope limejaa ndege wadogo wa kijivu na hudhurungi wanaokimbia huku na huko. Fungua kitabu cha ndege uone: kurasa nzima za picha zinazofanana kama mapacha. Wengi hapo hukata tamaa, wakaelekeza darubini kwa heroe, ambaye hamsumbui mtu kumtambua.

Ushauri wangu ni kwamba rangi iwe kitu cha mwisho kuangalia. Wengi wa ndege hawa ni wageni kutoka Ulaya na Asia. Huanza kufika kwetu mwezi wa Agosti, na wanapokaa hapa manyoya yao ya fahari yameshapukutika, wamebaki na ya kijivu tu. Chukua mmoja wao, chamchanga mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, ambaye wataalamu humwita Calidris ferruginea. Desemba ni wa kijivu na tumbo jeupe. Aprili, akiwa anajiandaa kuondoka, kifua na tumbo huwa vyekundu kama tofali. Ukimfuata kwa rangi utasema umeona ndege wawili. Mdomo wake haukubadilika, wala namna yake ya kudonoa.

Basi kabla hujainua darubini, mtazame kwa macho matupu kwa muda. Anatembeaje? Anakula vipi? Yuko peke yake au kundini? Vitwitwi, kundi jingine la ndege hawa wa tope, wana macho makubwa na mdomo mfupi, na huwinda kwa macho: hukimbia hatua chache, husimama ghafla, huinama wakadonoa, halafu hukimbia tena. Chamchanga wengi hawana kusimama huko. Hutembea mfululizo huku wakichoma mdomo kwenye tope kutafuta wadudu na minyoo kwa kupapasa. Ukizoea tofauti hii peke yake, umeshatupa nje nusu ya kitabu.

Wa kuanza naye, kwa maoni yangu, ni chamchanga mtikisa mkia, Actitis hypoleucos. Yupo karibu kila mto, kila bwawa, hata kwenye mitaro ya mjini. Huwa peke yake, hupenda ukingo wenye mawe au magogo, na sehemu ya nyuma ya mwili wake haitulii: inapanda na kushuka hata akiwa amesimama tu. Sasa inua darubini utazame pale bawa linapokutana na kifua. Utaona weupe wa tumbo umepanda juu mbele ya bega na kufanya kitu kama ndoano. Wenzake wanaofanana naye hawana. Akishtuka huruka chini sana juu ya maji, mabawa yamekakamaa, anayapiga kwa mitetemo mifupi kisha anateleza, na anapiga kelele nyembamba. Mjue huyu vizuri, kwa sababu kila mgeni mwingine utampima kwake: ni mkubwa kuliko huyu? Miguu ni mirefu zaidi? Anatikisika au hatikisiki?

Usisikitike ndege akiruka, maana ndipo anapokuonyesha mgongo. Mtikisa mkia ana mstari mweupe kwenye bawa, na juu ya mkia hana weupe wa kuonekana. Yule wa madoadoa mgongoni, mwenye unyusi mweupe na miguu ya kijani-manjano, Tringa glareola, ana kiraka cheupe juu ya mkia. Jamaa yake mkubwa Tringa nebularia, mwenye mdomo uliojikunja kidogo kwenda juu, weupe wake hupanda mgongoni mpaka katikati, naye hulia mara tatu kwa sauti kubwa, tyu-tyu-tyu, kiasi kwamba ukishamzoea huhitaji hata kumwona.

Ndege wakubwa ni rahisi zaidi. Akiruka amekunja shingo, ni kulastara au yangeyange. Akiinyoosha mbele, ni korongo au kwarara. Kwa yangeyange tazama miguu: mdomo mweusi, miguu myeusi na nyayo za manjano ni yangeyange mdogo. Lakini pwani kwetu kuna ndugu yake anayepatikana kwa rangi mbili, wengine wa kijivu na wengine weupe, na yule mweupe huwachanganya hata wazoefu. Mimi nikikuta mweupe kwenye miamba ya baharini, naandika “yangeyange” na kupita.

Kuandika ni muhimu, tena kabla ya kufungua kitabu. Ukishaona picha, akili huanza kukumbuka alama ambazo ndege hakuwa nazo. Andika mdomo kwanza, ukiulinganisha na urefu wa kichwa, kisha miguu, mwendo, sauti na mahali aliposimama. Picha ya simu kupitia kioo cha darubini haipendezi lakini inasaidia. Merlin, programu ya simu ya kutambua ndege, pia si mbaya, ila uijaze tarehe na mahali kwa usahihi, la sivyo itakuletea ndege wa nchi nyingine.

Kuhusu wakati: angalia majedwali ya kujaa na kupwa kwa maji. Maji yakipwa kabisa ndege hutawanyika mbali kwenye tope, na utabaki kuona vitone tu. Nenda yanapoanza kujaa, maana hapo husukumwa karibu yako na kujikusanya kwenye mafungu ya mchanga. Wakati wa kusi chamchanga wengi wameondoka, lakini usikae nyumbani. Miezi hiyo huja Glareola ocularis kutoka Madagaska, ndege wa hudhurungi mwenye mabawa marefu ya mbayuwayu, na hukusanyika Sabaki kwa makundi makubwa.

Usiende peke yako. Mto huu una viboko na mamba, na jioni viboko hupanda kingo kula majani. Tafuta kijana wa pale anayetembeza wageni, umlipe vizuri. Atakuonyesha pia pa kukanyaga, kwa maana tope la karibu na maji humeza mguu mpaka gotini.