Kwa mwalimu mpya: anza na somo, kishikwambi kifuate

Mwalimu mwenzangu uliyeripoti kazini muhula huu, karibu Nairobi. Ukipangiwa shule ya msingi ya umma, huenda ukakuta kabati lenye vishikwambi vya mpango wa serikali ulioanza 2016, pamoja na projekta na vipakatalishi vya walimu. Utashawishika kuvitengea siku yao, tuseme Ijumaa alasiri, watoto "wafanye kompyuta". Nakusihi usifanye hivyo. Vikiwekewa siku yao, watoto huvichukulia kama mchezo, na Jumatatu sayansi inafundishwa vilevile kama zamani.

Fungua maazimio yako ya kazi, utafute mada ambayo tayari inadai kupima, kurekodi au kueleza. Mimi napenda mvua. Masika huanza Machi, muhula wa kwanza ukiendelea, na hakuna mtoto wa Kayole wala Kawangware asiyejua matope yake. Tengeneza kipimamvua: kata chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, pindua sehemu ya juu iwe faneli, tia kokoto chini isiangushwe na upepo, kisha mimina maji mpaka yafunike kokoto na kufika pale ubavu unaponyooka. Weka alama: hapo ndipo sufuri. Ukiruka hatua hiyo vipimo vyote vitaharibika, maana kokoto zimeshika nafasi na kitako cha chupa kina mabonde. Wasome kipimo kila siku saa tatu asubuhi, saa ileile wanayosoma wataalamu wa hali ya hewa, kisha warudishe maji kwenye sufuri.

Vipimo viandikwe daftarini kwanza, ndipo viingizwe kwenye kishikwambi. Stima ikipotea, kazi haipotei. Kwa sababu hiyohiyo, usiandike andalio la somo linalotegemea intaneti.

Wanafunzi wanne kwa kifaa kimoja wanatosha, ila yule mwepesi atakinyakua na wengine wabaki kutazama. Weka sharti: anayegusa skrini haamui chochote, maagizo yanatoka kwa wenzake, na zamu hubadilika kila siku. Mwepesi analazimika kueleza kwa maneno, na aliyekuwa akiogopa anakishika kifaa.

Grafu ya kwanza ichorwe kwa mkono kwenye karatasi ya miraba. Programu hujichagulia kipimio, na wakati mwingine huanzia 20 badala ya sufuri, tofauti ya milimita mbili ikaonekana kama mlima. Mtoto aliyechora mwenyewe atauliza mbona grafu yake haifanani na ya kishikwambi. Likizuka swali hilo, acha mengine yote mlijibu pamoja. Hapo ndipo hesabu inapofundishwa kwelikweli.

Kwenye kipindi cha Kiswahili wasome ripoti zao kwa sauti na kujirekodi. Wakijisikiliza, makosa mengi ya ngeli watayasahihisha kabla hujafungua mdomo.

Chaji vifaa siku iliyotangulia na uteue viranja wa kuvigawa, la sivyo robo ya dakika zako 35 itaishia kabatini.

Ukifika wakati wa kusahihisha, usitoe alama kwa rangi za grafu. Uliza: siku gani ilinyesha zaidi, umejuaje, na kipimo kipi hukiamini? Anayekujibu kwamba Jumatano chupa iligongwa na mpira, kwa hivyo kipimo cha siku hiyo kisitumike, mpe alama zote.