Mkuu, usitume hiyo laki nane, geuza kadi kwanza

USITUME. Hata kama uko njiani kwenda kwa wakala, rudi nyumbani.

Umeuliza mambo matatu: kama kadi ya kukusanya yenye picha ya Samatta na maandishi "1/1" (yaani imechapwa moja tu duniani) inastahili laki nane, utaitunzaje, na ushuru ukoje ikifika. Nilipofika pale uliposema muuzaji kakutumia picha ya mbele tu, nikaacha chai mezani. Picha ya mbele tu, mkuu! Mimi picha ya mbele tu niliilipia milioni moja na laki na nusu.

Ilikuwa msimu wa asali. Nimeuza madumu yangu hapa Tabora, hela imetulia, mke kashanunua misumari, kilichobaki ni bati. Akanipigia mshikaji niliyesoma naye, siku hizi anajiita mtaalamu wa uwekezaji. "Kaka, kitu kikiwa kimoja duniani bei yake haishuki." Akanirushia habari ya kadi ya The One Ring ya mchezo wa kadi uitwao Magic: mwaka 2023 kampuni ilichapa nakala moja tu ya aina ile, ikachanganywa kwenye pakiti za kawaida, ikaibuka Kanada, mwanamuziki Post Malone akaichukua kwa dola zipatazo milioni 2. Habari ya kweli kabisa, na hapo ndipo aliponiwezea. Alichonyamazia ni kwamba muuzaji wangu anamkatia kamisheni. Mtaalamu wa kadi ambaye kadi pekee aliyowahi kumiliki ni ya kliniki! Mungu amsamehe, mimi bado nafikiria.

Kadi ikafika. Sikuweza kungoja, nikaichana bahasha palepale posta, foleni nzima inanitazama. Mbele safi: Samatta na jezi ya Villa, goli la Wembley la 2020, mkono wa kulia juu, kona ya chini 1/1 ya dhahabu inang'aa hadi mama mmoja akauliza kama hiyo ndiyo leseni mpya. Nikaigeuza. Nyeupe pee. Hakuna jina la kampuni, hakuna namba ya toleo, hakuna alama ya hakimiliki, hakuna nembo ya ligi. Karatasi tu. Nikapitisha kidole kwenye ile 1/1, dhahabu ikabaki kidoleni.

Nikamwandikia muuzaji maneno ambayo mods wa jukwaa watayafuta nikiyarudia hapa. Akajibu kwa upole, kama mchungaji: hakuwahi kusema imetoka kiwandani. Kaichora mwenyewe, kachapa mwenyewe, kachapa moja. Kwa hiyo ni moja kati ya moja. Wakuu, mtu kanipiga huku anasema ukweli mtupu! Kwa hesabu hiyo hata cheti changu cha ubatizo ni 1/1, nani anaanza na milioni?

Nikataka kuiuza. Laki tano, kimya. Laki moja, kimya. Elfu hamsini, mtu mmoja anayekusanya kadi akanijibu neno moja: "Nyuma?"

Tangu siku hiyo nikaanza kusoma, nikiwa nimeshachelewa. Kadi ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle, iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952, iliuzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022, na wala haiko moja, ziko nyingi. Ile iliyouzwa ilikuwa safi kuliko karibu zote, na wenye hela waliigombea. Kadi inahitaji watu wawili wanaoitaka, mmoja akiikosa alale vibaya. Angalia ile ya Paul Skenes, mrusha mpira wa besiboli kule Marekani: Topps walibandika kiraka kilichotoka kwenye jezi ya mechi yake ya kwanza, wakatoa kadi moja. Mtoto wa miaka 11 wa Los Angeles akaipata kwenye pakiti. Klabu yake, Pittsburgh Pirates, ikamuahidi tiketi za msimu za miaka 30 akiirudisha. Familia ikakataa, na mwaka 2025 mnadani ikaenda kwa dola milioni 1.11. Klabu nzima inabembeleza! Ya kwangu hata mke haitaki ndani. Anaiita "bati".

Na aibu yangu ni kwamba mimi ni mtu wa Tabora. Mwaka 1916 Mjerumani kabanwa na vita, sarafu zimekwisha, akagonga za dhahabu za rupia 15 hapahapa, kwenye karakana ya reli, zina tembo na herufi T ya Tabora. Marehemu babu akionyeshwa sarafu ya zamani, hata ya shaba, alikuwa anaipindua kutafuta T kabla hajauliza bei. Mjukuu kaenda shule, kanunua upande mmoja.

Kwa hiyo: mwambie muuzaji aandike jina lako na tarehe ya leo kwa kalamu kwenye karatasi, aiweke kando ya kadi, arekodi video akiigeuza taratibu. Nyuma usome jina la kampuni na mwaka. Ikiwa imefungiwa kwenye plastiki ngumu ya wapima ubora kama PSA, chukua ile namba ya kwenye lebo ukaitafute kwenye tovuti yao, halafu bado utake kuona nyuma. Akikuambia kamera imeharibika, mpe pole ya kamera.

Na msinicheke sana. Logan Paul, yule wa YouTube, alilipa dola milioni 3.5 kwa maboksi ya kadi za Pokémon yaliyofungwa, Januari 2022 akayafungua akakuta kadi za G.I. Joe, siyo Pokémon. Mimi angalau nilimkuta Samatta.

Video ikija itupie hapahapa, tupo. Halafu nisaidie kitu kimoja: huyo wako kainua mkono gani? Maana kama ni wa kulia, na dhahabu iko kona ya chini, basi zile "moja duniani" sasa ziko mbili.