Kamba, kaa na chaza kwa tuliopunguza wanga: niliyoyaona kwenye mashine yangu ya sukari

Mkuu, umesema uko wiki ya tatu tangu uache ugali na wali, samaki wa kuchoma umeshamkinai, na kuna mtu kakuambia kamba, kaa na chaza uwaache kwa kuwa "wana sukari". Nakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe, maana swali hilo nimeishi nalo tangu 2019.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Dar. Mwaka huo nilikutwa na kisukari aina ya pili, asubuhi kabla ya kula mashine inasoma 13.8 (mmol/L), juu mno. Nikapewa metfomini, vidonge vya kisukari, nikaanza na kupunguza wanga. Hujasema kama na wewe unatumia dawa, kwa hiyo hili naliweka mbele kabisa: kama unachoma insulini au unameza glibenklamaidi (vidonge vya kushusha sukari), usipunguze wanga bila daktari wako kujua. Dozi iliyokutosha siku za ugali inaweza kukushusha sukari hadi uanguke siku ya kaa na mchicha. Jirani yangu aliacha ugali siku nne tu, vidonge anameza vilevile. Saa tano asubuhi tukamkuta kibarazani anatetemeka, shati limelowa jasho, hata jina langu anababaika kulitaja. Maji ya sukari ndiyo yaliyomrudisha.

Sasa tuje kwenye swali. Huyo aliyekuambia hajakosea kabisa, ila kawatia wote kapu moja. Kamba, kamba kochi na kaa wana wanga kidogo sana. Gramu 100 za kamba waliopikwa zinakupa protini zaidi ya gramu 20, na wanga hata gramu 2 haufiki. Kaa ndiyo kama hana kabisa. Hawa kula kwa amani.

Chaza na kome ni habari nyingine. Wao hujiwekea akiba ya chakula mwilini kwa njia ya glaikojeni, wanga uleule ambao ini letu sisi linauhifadhi. Ndiyo maana chaza aliyenona ana kautamu fulani ukimtafuna. Gramu 100 za nyama yake zina wanga kama gramu 4 au 5, na kome waliochemshwa wanaweza kufika 7. Pweza na ngisi wako hapo katikati. Ukijiwekea kikomo cha gramu 20 za wanga kwa siku, chaza wahesabu. Ukiwa na kikomo cha 50 au zaidi, usijisumbue: gramu 100 za wali mweupe zina wanga gramu 28 hivi, na hakuna mtu kwetu anayepakua wali wa gramu 100.

Lakini mkuu, kilichonipandishia sukari mimi ni walichovikwa kamba, wala si kamba wenyewe. Jumapili moja tulikwenda ufukweni na familia, nikaagiza kamba wa kukaanga na kachumbari, chipsi nikazikataa. Kabla ya kula nilikuwa 6.2. Baada ya saa mbili, 10.9. Nikadhani kidole kina sosi, nikanawa kwa sabuni, nikapima tena: 10.7. Tulikuwa tumefungiwa waliobaki, basi nikakaa mezani nyumbani nikambandua kamba mmoja taratibu, ganda la unga huku, nyama huku. Nyama ilikuwa nyembamba kuliko kidole changu cha mwisho. Unga ulijaza kisosi. Na ile sosi nyekundu tuliyokuwa tunachovyea, niliporamba peke yake bila kamba, ni sukari tupu yenye nyanya. Wiki iliyofuata nikapika mwenyewe, kamba wengi kuliko siku ile. Kutoka 6.0 hadi 6.5.

Tangu hapo nje naagiza wa kuchoma au wa kitunguu saumu, na namwomba mhudumu aniulizie jikoni kama kuna unga. Na vile vijiti vya kaa vya kwenye friji za supamaketi viache. Ni samaki aliyesagwa akachanganywa na wanga na sukari, mara nyingi kaa mwenyewe humo hamna.

Kosa langu la pili lilikuwa njaa, na hili naona watu wengi wanaliparamia. Kamba hana mafuta. Wiki za mwanzo nilikuwa nachemsha kamba, nakamulia ndimu, nakula na kabichi, nahisi nimefanya vizuri. Saa nne usiku tumbo linaniuma kwa njaa na mkono uko kwenye chapati za watoto. Ukiondoa wanga na mafuta kwa pamoja hutabakiwa na cha kukushikilia. Dawa yangu ikawa tui. Nakuna nazi moja, nalikamua tui zito peke yake. Kitunguu kimoja kidogo, saumu, tangawizi, nyanya moja, bizari, pilipili mbuzi nzima bila kuipasua. Tui likishachemka na kuanza kutoa mafuta juu, ndipo kamba wanaingia, mwisho kabisa. Dakika tatu. Wakigeuka rangi na kujikunja nusu, epua. Wakijikunja hadi mkia unagusa kichwa umeshachelewa, utatafuna mpira. Kula na matembele au bamia. Mimi nikila hivyo saa moja jioni, nafika asubuhi.

Vichwa usitupe. Vikaange na mafuta kidogo, tia maji, chemsha, chuja. Mchuzi huo unanoga kuliko kiungo chochote cha paketi.

Ukienda soko la samaki la Feri hapa Dar, nenda alfajiri. Kamba mzuri kichwa kimeshika. Kikilegea na kuwa cheusi, pita. Mpasue mgongoni utoe ule uzi mweusi, ndio utumbo wake. Kaa mbonyeze chini ya tumbo: akiwa mgumu ana nyama, akibonyea utanunua ganda na maji. Chaza mimi nanunua kwa mtu ninayejua anawatoa wapi, kwa sababu chaza huchuja maji anayokaa ndani yake, na hori linalopokea maji taka ya mji litaingia tumboni mwako. Hata hivyo nawapika, mbichi sili.

Kolesteroli ya kamba ipo, tena nyingi, lakini kwa watu wengi ile ya kwenye chakula haipandishi sana ya kwenye damu. Kama una tatizo la kolesteroli la kurithi, hilo la daktari wako. Mwenye gauti, ule ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma, apunguze kwelikweli. Na ukiona midomo inavimba au koo linabana baada ya kula, usisubiri ipoe, kimbia hospitali.

Anza na kaa wawili Jumamosi hii. Pima kabla hujala, pima saa mbili baadaye, uniandikie hapa namba zote mbili na ulichokula pembeni.