Kifaru na fisi: uliza nani anapungua

Wageni ninaowapeleka Mbuga ya Nairobi hutaka kifaru. Fisi akitokea, madirisha hufungwa. Siku hizi nawaambia wawatazame wote wawili na kuuliza jambo moja: huyu anaongezeka au anapungua?

Katika Orodha Nyekundu ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, kifaru mweusi yuko katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Fisi madoa hajatiwa katika kundi lolote la hatari. Ukiishia hapo umeambulia nusu ya habari. Mwaka 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi 20,000 hivi. Majangili wa pembe wakawafyeka hadi chini ya 400 mwishoni mwa miaka ya 1980. Leo wamepita 1,000, na wanalindwa mmoja mmoja: ukimpata karibu, angalia masikio yake, mara nyingi utaona yamekatwa pembeni, kwa alama hizo askari humtambua. Jike hubeba mimba miezi 15 hivi na kuzaa ndama mmoja, kwa hiyo kosa moja hurudisha kazi nyuma miaka. Mwaka 2018 vifaru 11 walihamishiwa Tsavo Mashariki wakafa wote, wengi wao kwa sababu ya maji ya chumvi.

Fisi huzaa haraka zaidi, mara nyingi pacha, na hula hadi mifupa. Hata hivyo idadi yake barani inashuka. Mfugaji aliyeliwa mbuzi hutia mzoga dawa ya wadudu, na hapo hufa fisi, simba na tai. Na fisi hachangiwi pesa na mtu.

Basi, picha ya kifaru usiitume mtandaoni kabla ya kuzima lokesheni ya simu, maana jangili naye ana intaneti. Na kama unaishi Rongai au Kitengela, jirani na mbuga, kumbuka upande wa kusini mbuga haina uzio: mabaki ya nyama usiyatupe nje, mbuzi walale kwenye zizi imara, na giza likiingia usitembee peke yako kando ya mto Mbagathi. Fisi akikulia mfugo, piga picha ya mzoga kabla hujauondoa, kisha uripoti KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inaruhusu fidia, ila jiandae kusubiri.